Siku Mashine Ilipompa Kila Mtu Jibu la Jarso

Nilianza kazi ya ukarani wa rekodi siku ya Jumatatu, katikati ya miaka ya sabini, nikiwa na sketi ya kuazima na vidole ambavyo mpaka siku hiyo vilikuwa vimezoea kuchuma kahawa tu. Nilikuwa nimeteremka kutoka Meru asubuhi hiyohiyo, na vumbi la Isiolo lilinibadilisha rangi kabla sijafika langoni. Kliniki ilikuwa ya mradi wa kutibu kifua kikuu. Mradi wenyewe ulishafungwa, kwa hiyo jina lake nitaliacha lipumzike.

Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa Karani Mkuu, Mzee Wario, Mborana mrefu mwenye kofia nyeupe na penseli iliyokaa sikioni kana kwamba ilizaliwa pale. Hakuuliza habari za cheti changu. Alinipa kadi moja, akanionyesha dirisha, akasema nimwite mwenye kadi hiyo. Nikaita, "Halima Abdi." Wakainuka wanawake wanne. Wa tano akaniomba nimhesabu na yeye, kwa kuwa dada yake pia aliitwa Halima na alikuwa amemtuma. Mzee aliniacha nihangaike mpaka nikatokwa na jasho, ndipo akaja dirishani, akawauliza kwa Kiborana ng'ombe wao wanakunywa kisima gani. Wakajibu mmoja mmoja, na wote wakarudi kukaa isipokuwa yule tuliyemtaka.

"Hao ni wajina," aliniambia. "Jina ni mlango tu, binti. Kabla ya kubisha, uliza huko ndani kuna watu wangapi."

Nilidhani ananitania. Nilikuwa na miaka ishirini, nilijua kuandika mwandiko wa kulala, na sikuona mtu wa kunifundisha jinsi ya kuita jina.

Niwaeleze kazi yenyewe, ninyi mnaobonyeza simu na kila kitu kikaja. Kila mgonjwa alikuwa na kadi ya karatasi ngumu, iliyokaa wima katika droo ndefu za mbao. Juu ya kadi tuliandika majina matatu: la mtu, la baba na la babu. Chini yake Mzee aliongeza kisima, kwa kuwa mfugaji huhama, lakini kisima cha ukoo hakihami. Kadi za wajina alizifunga uzi wa rangi moja ili mkono ukigusa moja ukumbuke nyingine. Na mwisho kabisa wa kadi kulikuwa na neno moja kwa penseli: "bado" au "amemaliza". Neno hilo ndilo lililokuwa roho ya kadi. Kifua kikuu kina ujanja wake. Mtu akinywa dawa majuma machache, kikohozi hukata, mwili hurudi, naye hujiona mzima. Lakini ugonjwa uko ndani bado, na akiacha dawa hapo hurudi na nguvu ambazo dawa zilezile haziziwezi tena. Kwa sababu hiyo wagonjwa waliotoka mbali waliishi manyatta, kijiji cha vibanda kilichojengwa nyuma ya kliniki, mpaka dozi iishe, na hakuna aliyeruhusiwa kwenda nyumbani kabla karani hajasoma neno la mwisho wa kadi yake.

Nilifanya kazi na Mzee Wario kwa miaka mingi. Katikati yake nilitumwa Garbatulla mwaka mzima, ambako nilijifunza Kiborana cha kuombea maji na cha kugombana. Halafu nikazunguka Oldonyiro siku za mnada wa mifugo, sanduku la kadi mapajani, nikiwasaka wagonjwa kati ya mbuzi. Niliporudi Isiolo niliolewa, nikazaa, nikafiwa na mume, nikapewa nyumba ya vyumba viwili ya wafanyakazi. Mzee alikuwepo katika yote hayo. Nilimpenda kama baba, ingawa alikuwa na tabia ya kunisahihisha mbele ya watu.

Kompyuta ilikuja katika miaka ya themanini, na ilikuja na Daktari Msimamizi, kijana mwenye haraka aliyeamini kwamba kitu kilichoandikwa kwa penseli hakijaandikwa. Alinipeleka Nairobi majuma mawili nikajifunze. Nilirudi na kitabu kinene cha maelekezo, disketi sita ndani ya kopo la biskuti, na kiburi ambacho hakikutosha koponi. Mashine tuliiweka chumba cha nyuma na kuifunika leso kwa sababu ya vumbi. Jenereta ikizimwa, nayo ilizima na kusahau chochote ambacho hukukihifadhi.

Daktari aliagiza kadi zipelekwe stoo. Mzee Wario alijibu ndiyo, akazihamisha droo mbili mpaka upande wa pili wa chumba kilekile, akaendelea kuziandika. Alikuwa amebakiza miezi michache astaafu, na Daktari akaamua kutoona.

Sasa nitaeleza kosa langu, na nitalieleza polepole maana lilikuwa dogo.

Ndani ya mashine tulikuwa na daftari la wagonjwa lenye safu. Safu moja niliipa jina JINA, nyingine HALI, yaani bado au amemaliza. Kisha niliandika programu fupi. Ilimwuliza karani jina la mgonjwa, ikaweka jibu katika kisanduku cha kumbukumbu, kile ambacho vitabu vya shule siku hizi hukiita kigeu. Halafu ilipekua daftari mpaka impate mtu huyo, ikaandika kwenye kioo neno moja tu, hali yake. Hata jina la aliyepatikana sikulionyesha. Niliona ni upuuzi kurudia jina ambalo karani mwenyewe ametoka kuliandika.

Kisanduku nacho nilikipa jina JINA. Ningekiitaje, nacho kina jina ndani yake?

Mwanzoni nilifuata kitabu. Kitabu kilisema ukitaka kitu kilicho ndani ya kisanduku kimwagwe katika amri, weka mbele yake alama ya &, ile inayofanana na nane iliyoandikwa na karani mlevi. Nikaiweka. Nikaandika Jarso, na mashine ikajibu kwamba haina kisanduku kinachoitwa Jarso. Nikaandika Halima, ikasema haina kisanduku Halima. Ilikuwa inamwaga jina nje bila alama za kunukuu, kisha inalishangaa, kama mtu aliyeletewa mgeni asiyetambulishwa. Mashine ilikuwa inanipa habari ya kweli, mimi nikaona ni ubishi. Nilihangaika nayo siku mbili, mwishowe nikafuta ile alama. Ikanyamaza. Niliandika Jarso, ikajibu: BADO. Nikafurahi, nikamwita Daktari aje aone.

Majuma kadhaa tuliitumia hivyo. Kila aliyeulizwa alikuwa bado, na karibu wote kwa kweli walikuwa bado, maana manyatta ilikuwa imejaa wagonjwa wapya. Miongoni mwao alikuwepo mwanamke kijana wa kutoka upande wa Garbatulla, Qabale Guyo, aliyemwacha mtoto mchanga kwa mama yake. Kila Ijumaa alisimama dirishani na kuniuliza kama amemaliza, nami kila Ijumaa nilimjibu bado. Alinipachika jina. Nikipita manyatta alisema, "Dada Bado anapita," na wenzake wakacheka, nami nikacheka. Alikuwa na utani wa mtu anayejizuia kulia.

Mtu wa kwanza katika daftari alikuwa mzee mmoja, Jarso, mwenye kikohozi kilichowaamsha jirani zake kabla ya adhana. Siku moja dozi yake ikaisha. Nikafungua daftari, nikafuta BADO kwenye mstari wake, nikaandika AMEMALIZA, tukampa mkono akaenda zake Leparua kwa mwanawe. Ilikuwa Alhamisi.

Ijumaa asubuhi Qabale alikuja dirishani kama kawaida. Nikaandika jina lake. Mashine ikajibu: AMEMALIZA.

Nilimsomea kwa sauti. Nakumbuka alivyoshika kizingiti cha dirisha. Hakuuliza mara ya pili, na mimi, niliyemwambia bado Ijumaa zote hizo, sikujiuliza imekuwaje. Nilifurahi naye. Alifunga kitenge chake na sufuria yake, na kabla ya saa nne alikuwa juu ya lori la mifugo linalorudi tupu Garbatulla.

Aliyeniokoa alikuwa Lokiru, Mturkana wa Oldonyiro, aliyekuja dirishani baada yake kuuliza habari nyingine kabisa. Nikaandika jina lake. AMEMALIZA. Nikampongeza. Akanitazama kwa huruma.

"Mama, mimi nilikuja juzi," akasema. "Hata sindano ya kwanza bado inauma."

Nilirudi kwenye mashine. Niliandika Lokiru tena: AMEMALIZA. Nikaandika Halima: AMEMALIZA. Nikaandika jina langu mwenyewe, Nkirote, ambaye sijawahi kuugua kifua maishani: AMEMALIZA. Mwishowe nikaandika MBUZI, na mbuzi naye alikuwa amemaliza dozi. Kwenye droo za Mzee nikaitoa kadi ya Qabale. Mwisho wa kadi, kwa penseli: bado. Miezi miwili na ushei ilikuwa imebaki.

Nilikaa chumba cha nyuma mpaka baada ya chakula cha mchana, nikisoma programu yangu mstari kwa mstari bila kuona kitu. Macho ya mwenye kosa hupita juu ya kosa kama nyayo za mwenye nyumba zinavyopita juu ya shimo la uani. Mzee Wario aliingia na vikombe viwili vya chai ya maziwa. Alikuwa hajawahi kuigusa ile mashine, na alijitahidi kutoitazama. Akakaa, akaniambia nimsomee maneno niliyoiambia.

Nikamwambia hataelewa, ni amri za Kiingereza. Akasema basi nimsomee kwa Kiswahili. Kwa kuwa nilikuwa sina nguvu ya kubishana, nikasoma.

"Mtafute mtu ambaye jina ni sawa na jina."

Mzee akashusha kikombe. "Jina ya nani?"

"Ya yule aliyeulizwa."

"Hapana, sijasikia hiyo. Umesema jina ni sawa na jina. Jina ya nani na jina ya nani?"

Akaendelea taratibu, kama vile aliponisimamisha dirishani siku ile ya kwanza. "Hata mimi ukiniambia hivyo, nitatoa kadi ya kwanza nikupe. Hiyo kadi ina jina, na jina yake ni jina. Nitakosea wapi? Hao ni wajina, binti. Mmoja anakaa ndani ya daftari, mwingine anakaa nje. Ukiita mlangoni, nani ataitika? Ni huyo wa ndani."

Na ndivyo ilivyokuwa. Nilikuja kuikuta sheria hiyo katika ukurasa wa kitabu ambao niliuruka: safu ya daftari lililo wazi ikiwa na jina moja na kisanduku, mashine huchukua safu. Niliposema JINA ni sawa na JINA, ilitazama mstari wa kwanza, ikalinganisha Jarso na Jarso, ikaona kweli ni sawa, ikasimama hapo. Kila mtu niliyemwuliza, nilipewa jibu la Jarso. Na ile alama ya & niliyoifuta, pamoja na fujo zake, ilikuwa ikielekea kwenye kisanduku cha nje. Kazi yangu ilikuwa kuifunga alama za kunukuu, lakini mimi niliiziba mdomo.

"Sasa nifanye nini?" nilimwuliza Mzee.

"Huyo wa nje ni mgeni. Mpe jina ya mgeni."

Nikaweka herufi M mbele: MJINA, jina la mgeni. Mtafute mtu ambaye JINA ni sawa na MJINA. Nikaandika Lokiru: BADO. Nkirote: mashine ikasema hakuna mtu kama huyo. Nikaandika Qabale Guyo. BADO. Neno hilo nililolisema kwa utani Ijumaa zote, siku hiyo lilinitoa machozi. Mzee alinywa chai yake hadi tone la mwisho kabla ya kunitazama.

Nilikwenda kwa Daktari Msimamizi nikamweleza yote. Nilitarajia anifukuze. Aliuliza swali moja tu, ni nani mwingine aliyeondoka. Hakuna mwingine. Akaniambia nichukue Landrover kesho asubuhi, na akaongeza kwamba zile droo za Mzee zisitoke tena katika chumba kile. Nilimheshimu tangu siku hiyo.

Tulimkuta Qabale nje kidogo ya Garbatulla, kwenye manyatta ya mama yake, amekaa mlangoni na mtoto mgongoni. Tuliamkiana, nagaa, nagaa, yaani amani, mpaka amani zikaisha. Nikamwambia kosa lilivyokuwa. Sikuilaumu mashine, kwa maana haikufanya kosa. Nilisema nimekosea mimi, hajamaliza dozi, na akibaki pale ugonjwa utarudi na hatutakuwa na dawa ya kuushinda.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, bila hasira, "Huyu mtoto alikuwa ananiogopa. Jana jioni ndiyo amekubali nimbebe."

Mama yake, bibi mdogo mkavu aliyekuwa akifukiza kibuyu cha maziwa, alisema hospitali iliyosema amepona ndiyo hiyohiyo inayosema hajapona, na wao washike lipi. Qabale akaniuliza mashine ilimwona yeye ni nani. Nikamwambia ilimwona Jarso.

"Jarso yupi? Huyu wa kukohoa alfajiri?"

"Huyohuyo."

Alijaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka mpaka mtoto akaamka mgongoni na kucheka asichokijua, na bibi akacheka kwa kuwaona wanacheka. Nilicheka na mimi. Lakini kicheko kilipoisha, alirudi palepale. Mtoto haruhusiwi manyatta ya wagonjwa, akasema, na yeye hamwachi tena.

Nilikuwa nimelifikiria hilo njia nzima. Nikawaambia nina vyumba viwili Isiolo, dakika chache kwa miguu kutoka kliniki. Bibi na mtoto wachukue kimoja. Qabale alale manyatta, na kwa kuwa makohozi yake yalishapimwa yakaonekana safi, mchana aje akae na mwanawe uani kwangu. Bibi akaniuliza kama nyumbani kwangu kuna maziwa. Nikasema ya dukani. Akanitazama kama Lokiru alivyonitazama, kisha akaingia ndani kufunga vibuyu vyake.

Kwa hiyo nilipata wageni wa miezi miwili na ushei. Bibi alifukiza jiko langu lote likanuka moshi wa mti wake wa kufukizia vibuyu, akawafundisha wanangu kuamkia watu vizuri, akanikataza kupika ndizi siku mbili mfululizo. Nilizoea kurudi kazini nikamkuta Qabale ameketi uani, mtoto akimpanda mabegani. Wagonjwa wenzake walimwita Jarso, naye aliitika kwa kukohoa kama mzee yule.

Ijumaa ya mwisho alikuja dirishani na mama yake na mtoto. Nikaandika jina. Mashine ikajibu AMEMALIZA, na safari hii chini yake iliandika: Qabale Guyo, na jina la baba, na la babu. Hakuridhika. Alimtaka Mzee Wario. Mzee akavuta droo, akatoa kadi, akafuta "bado" kwa kifutio chake kilichobaki kama punje ya mahindi, akaandika, akamgeuzia aone. Hiyo ilikuwa moja ya kadi za mwisho alizoandika. Alistaafu mwezi uliofuata, na tangu hapo hata mashine yetu ilikuwa na safu ya KISIMA.

Niliendelea miaka mingi, mashine zikibadilika, mpaka nami nikakabidhi funguo. Makarani vijana niliowaachia waliwahi kuniuliza kwa nini visanduku vyangu vyote vinaanza na M. Wao walisoma vyuoni kwamba ni M ya kumbukumbu kwa Kiingereza. Niliwaambia huenda, lakini hapa Isiolo ni M ya mgeni, na kwamba mashine inayowabishia ni rafiki kuliko ile inayokubali kila kitu. Walicheka kwa adabu. Na mimi niliwahi kucheka vivyo hivyo, kwa hiyo sikukasirika. Ningetamani tu wangemjua Mzee Wario. Nimemzika, na nafasi yake haijajazwa na mtu.

Sikurudi Meru. Watu huniuliza kwa nini, na huwa nasema ni kwa sababu ya magoti, baridi ya kule. Ukweli ni kwamba watu wangu wako hapa. Siku za mnada, mwanamke mmoja mwenye mvi na wajukuu wawili hupitia kwangu na kibuyu cha maziwa yanayonuka moshi. Hapigi hodi. Husimama pale mlangoni, anashika kizingiti kama alivyoshika kile cha dirisha, ananiuliza swali lilelile kila mara.

"Dada Bado, nimemaliza?"

"Bado, Qabale," namjibu. "Bado kabisa. Ingia."